Kisiwa cha sukari chauza makazi: Mtaalamu wa Ruhembe ana nafasi gani Mauritius?

KILA msimu wa kusaga miwa unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Juni mvua za masika zikishakatika, barabara za vumbi za kata ya Ruhembe, wilayani Kilosa, hujaa matrekta na malori yaliyosheheni miwa. Safari zote huishia pamoja, kwenye mzani wa kiwanda. Kiwanda chenyewe huandikwa Ruembe, bila "h", na wengi hukiita K2 ili kukitofautisha na K1 cha Msolwa kilicho ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, upande wa Kilombero.

Katika eneo hili mtaalamu wa kigeni si kioja. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, na ilipobinafsishwa mwaka 1998 Illovo ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 55 ya hisa, ED&F Man ya Uingereza asilimia 20, na Serikali ikabaki na asilimia 25. Mtoto aliyekulia jirani na mashamba hayo anajua mgeni anavyoishi: nyumba ya kampuni, gari, likizo ya kwenda kwao, na mshahara ambao majirani huukisia kwa dola. Haishangazi basi kwamba kijana anayehitimu Chuo cha Taifa cha Sukari kilichopo Kidatu, mwendo mfupi tu kutoka Ruhembe, anaweza kujiuliza swali la upande wa pili: kama wao walikuja huku wakaitwa wataalamu, kwa nini naye asiende kwao?

Kwa mtu wa sukari, kisiwa kinachokuja akilini haraka ni Mauritius. Kiko katika Bahari ya Hindi, takriban kilomita 2,500 kutoka Dar es Salaam. Ni nchi ya Jumuiya ya Madola, mwanachama wa SADC tangu 1995, na imelima miwa tangu Waholanzi walipoiingiza mwaka 1639. Msimu wake wa kuvuna nao huanza katikati ya mwaka, kama wa Kilombero. Picha zake ni za fukwe nyeupe na milima ya kijani, na sheria zake zinasema wazi kwamba wageni wanakaribishwa kuhamia.

Njia ya kufika huko ipo. Tatizo ni kwamba haipiti pale ambapo mtu wa Ruhembe angedhani ingepita, yaani kwenye sukari.

Mabadiliko yaliyopinduliwa na bei

Ili kuelewa ni nani anayekaribishwa kisiwani, ni lazima kwanza kuelewa kilichotokea kwa miwa yake. Tangu Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, Mauritius ilikuwa na mgawo mkubwa kuliko nchi zote za Afrika, Karibiani na Pasifiki wa kuuza sukari Ulaya kwa bei iliyohakikishwa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa juu sana ya bei ya soko la dunia. Kisiwa chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,000 tu kilijenga shule, hospitali na barabara kwa fedha hizo.

Kisha Umoja wa Ulaya ukabadili sera. Kuanzia mwaka 2006 bei hiyo ilianza kushushwa, na hadi mwaka 2009 ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 36. Itifaki yenyewe ya sukari ilikoma Septemba 30, 2009. Viwanda vilivyokuwa zaidi ya 20 wakati wa uhuru mwaka 1968 vikafungwa kimoja baada ya kingine, na baada ya Medine kuzima mitambo mwaka 2019 vimebaki vitatu. Maelfu ya wafanyakazi walilipwa fedha na viwanja wakastaafu kwa hiari kabla ya umri. Maelfu ya wakulima wadogo nao waliacha mashamba yakaota majani, kwa kuwa watoto wao walikuwa wameshaingia maofisini na mahotelini.

Hapa ndipo zilipo takwimu ambazo wengi Ruhembe huenda wasiziamini. Mwaka 2000 Mauritius ilizalisha zaidi ya tani 500,000 za sukari, wakati Tanzania nzima haikufika tani 150,000. Leo mambo yamegeuka. Mauritius huzalisha chini ya tani 300,000 kwa mwaka na Tanzania imeipita. Kijana anayetaka kwenda kisiwani kwa sababu ya sukari anatoka kwenye sekta inayokua kwenda kwenye sekta inayokunja jamvi.

Wenye mashamba makubwa wa Mauritius hawakukaa kulia. Walifanya mambo mawili. La kwanza ni kubeba ujuzi wao na kuvuka bahari. Mwaka 2000 wawekezaji kutoka kisiwa hicho, wakishirikiana na wenzao wa Reunion, walinunua asilimia 75 ya kiwanda cha TPC cha Moshi, na baadaye wakaingia Kenya kupitia kiwanda cha Transmara. Kwa maneno mengine, wataalamu wa sukari wamekuwa wakihama kutoka kisiwani kuja bara, si kinyume chake.

La pili waliligundua chini ya miguu yao. Ardhi iliyokuwa haifai tena kwa miwa, hasa ile iliyo karibu na bahari, ingeweza kuuzwa kwa watu wanaotafuta mahali pa kuishi.

Mlango wa fedha

Mwaka 2002 Serikali ya Mauritius ilianzisha mpango ulioruhusu wageni kununua majumba ya kifahari ndani ya miradi maalumu, kwa bei isiyopungua dola 500,000 za Marekani. Mnunuzi alipata nyumba na pia haki ya kuishi nchini. Mipango mingine ilifuata mwaka 2007 na 2015, na mwaka 2020 kiwango cha thamani ya nyumba kinachompa mgeni haki ya ukaazi kilishushwa hadi dola 375,000. Sehemu nyingi zenye majumba hayo leo, zikiwa na viwanja vya gofu na lango la walinzi, zilikuwa miwa miaka 30 iliyopita.

Mwishoni mwa mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Uviko-19 umekausha hoteli, kisiwa kilianzisha viza ya mwaka mmoja kwa wageni wanaofanya kazi zao kwa intaneti wakilipwa na mwajiri aliye nje, ili mradi waoneshe kipato cha dola 1,500 kwa mwezi. Wastaafu wa kigeni nao wana kibali chao, wakitakiwa kuingiza nchini fedha za matumizi kila mwezi.

Wanaokusudiwa na masharti haya ni Mfaransa mstaafu, Mwafrika Kusini mwenye kampuni, na mtengeneza programu wa London. Mkulima wa Ruhembe mwenye ekari mbili za miwa hayumo, na mtoto wake aliyehitimu juzi hayumo. Kisiwa kinauza ukaazi kwa mwenye fedha tayari, na hakuna ubaya wa kibiashara katika hilo. Ubaya unakuja pale mtu anapoona tangazo la "kuhamia peponi kwa urahisi" akadhani limeandikwa kwa ajili yake.

Mlango wa ujuzi

Kwa asiye na mtaji, mlango halisi ni Kibali cha Kazi na Makazi kilichowekwa na sheria ya kurahisisha biashara ya mwaka 2006. Kibali hiki huunganisha ruhusa mbili katika karatasi moja, na hutolewa kwa makundi matatu: mwekezaji, mtu aliyejiajiri, na mtaalamu aliyeajiriwa. Maombi hupitia Bodi ya Maendeleo ya Uchumi ya nchi hiyo pamoja na idara ya uhamiaji. Mwaka 2020 muda wake uliongezwa hadi kufikia miaka 10.

Kwa mtaalamu aliyeajiriwa, jambo la kwanza ni mkataba. Mwajiri huwepo kwanza, mshahara uliotajwa katika mkataba hufikia kiwango cha chini kilichowekwa, ndipo kibali huombwa. Kiwango hicho kimebadilishwa mara kadhaa, kikipandishwa na kushushwa kwa bajeti, kwa hiyo takwimu za mwaka jana zisibebwe kama za mwaka huu. Sekta zinazotafuta watu zaidi si mashamba. Ni fedha, kompyuta, vituo vya kupokea simu za wateja wa Ulaya, na hoteli.

Je, fundi wa sukari kutoka Kidatu hana lake? Analo, lakini ni finyu. Viwanda vitatu vilivyobaki vimejenga biashara yao juu ya mambo ambayo Kilombero inayafahamu kwa viwango tofauti: umeme unaotokana na makapi ya miwa na kuuzwa kwenye gridi ya taifa, pombe inayotengenezwa kwa molasi, na sukari maalumu za rangi na ladha mbalimbali zinazouzwa Ulaya kwa bei nzuri kuliko ya kawaida. Mchemshaji sukari au fundi wa boila mwenye uzoefu wa miaka mingi anaweza kusikilizwa. Mwenye cheti kipya na bila uzoefu atakutana na vijana wa kisiwa chenyewe waliosomea jambo hilo hilo na wanaojua Kifaransa.

Njia ambayo haizungumzwi sana ni ya masomo. Mauritius hutoa ufadhili wa vyuo vikuu kwa wanafunzi wa nchi za Afrika, na mgeni aliyemaliza shahada katika chuo cha huko anaweza kuomba kibali cha mtaalamu kijana. Ni njia ndefu, lakini gharama yake ya awali ni ndogo kuliko ya kumlipa dalali.

Mlango wa nyuma

Lipo kundi la tatu la wageni kisiwani ambalo matangazo ya fukwe hayalioneshi. Ni wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ujenzi na usindikaji kutoka Bangladesh, India, Nepal na Madagascar. Hawa hawana kile kibali cha wataalamu. Wana kibali cha kazi cha kawaida kinachoombwa na mwajiri, na wengi hulala katika mabweni aliyoyapanga mwajiri huyo. Akiwaachisha kazi, ukaazi wao nao huyumba.

Tofauti kati ya karatasi hizi mbili ndiyo tofauti kati ya kuishi kama yule mgeni wa nyumba za kampuni pale Ruembe na kuishi kama mkata miwa wa msimu aliyeletwa kwa lori kutoka mikoa ya mbali. Wote wawili ni wageni katika bonde la Kilombero, wote wanafanya kazi ya sukari, lakini hakuna anayewachanganya. Anayeahidiwa "kazi Mauritius" anapaswa kuuliza kabla ya jambo lingine lolote: kibali gani, kinaombwa na nani, na kwa mshahara gani ulioandikwa?

Hali hiyo hiyo ipo Shelisheli, nchi ya visiwa 115 yenye watu laki moja na ushei, ambayo imekuwa ikiajiri walimu na mafundi wa kigeni kwa sababu watu wake hawatoshi. Kibali chake cha kazi huombwa na mwajiri na humfunga mfanyakazi kwa mwajiri huyo.

Jambo linaloongeza hatari ni kwamba hakuna mkataba wa kikanda unaoweza kumkinga Mtanzania aliyekwama. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 2010 haliihusu Mauritius. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Itifaki ya SADC ya mwaka 2005 kuhusu kurahisisha usafiri wa watu haijaanza kutumika. Kinachobaki ni mkataba wa ajira na sheria ya nchi aliko.

Ni vyema ikakumbukwa kwamba watu wa kwanza kutoka pwani ya Tanzania kupelekwa kisiwani humo hawakuwa na mkataba wowote. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alikubaliana na Sultani wa Kilwa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na visiwa vilivyokuwa vikihitaji mikono hiyo ni Mauritius, wakati huo ikiitwa Ile de France, pamoja na Reunion. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, mashamba ya miwa yalijazwa na vibarua wa mkataba kutoka India, karibu nusu milioni kwa miongo iliyofuata. Wananchi wengi wa Mauritius leo ni wajukuu wa wahamiaji hao wa aina mbili.

Gharama za peponi

Tuseme mtaalamu amepata mkataba halali. Anachokutana nacho kwanza ni lugha. Kiingereza hutumika serikalini na bungeni, lakini magazeti mengi ni ya Kifaransa, na sokoni, kwenye basi na kiwandani watu huzungumza Kikreoli. Msimamizi asiyeelewa Kikreoli hatajua wafanyakazi wake wanasema nini kuhusu mtambo, wala kuhusu yeye.

Pili ni chakula. Kisiwa kililima miwa kwa karne nyingi na kikasahau kulima chakula, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinacholiwa huagizwa kutoka nje: mchele, ngano, nyama, maziwa. Mtu aliyezoea kununua mchele wa Kilombero kwa debe, ndizi kwa mkungu na nyanya kwa ndoo ataona mshahara uliokuwa mnono kwenye karatasi ukipungua dukani. Kodi ya nyumba katika maeneo ya pwani ya magharibi, walikojaa wageni wenye kipato cha Ulaya, haipangwi kwa kufuata mshahara wa Mwafrika.

Kwa upande mwingine, malaria imetokomezwa, maji ya bomba ni ya kuaminika kuliko ya miji yetu mingi, na shule na hospitali za Serikali ni za bure kwa raia. Neno "raia" lisirukwe hapo. Mgeni hujilipia shule ya mtoto, na wengi hujikatia bima. Aidha, kati ya Novemba na Mei kuna vimbunga, na mtu wa Mikumi aliyezoea upepo unaovunja matawi ya mwarobaini atalazimika kujifunza maana ya kukaa ndani siku nzima kwa amri ya Serikali.

Halafu kuna uzeeni. Miaka mitano au kumi ya kukaa nje ni miaka isiyochangiwa NSSF, isipokuwa mtu amejipangia mwenyewe. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na ukaazi wa kudumu Mauritius una masharti yake ya fedha. Wengi watarudi. Swali ni watarudi na nini, na wapi.

Shamba lililoachwa nyuma

Hapo ndipo ardhi ya Ruhembe inapoingia kwenye hesabu. Mkulima mdogo wa miwa hana mali nyingine ya kuuza haraka zaidi ya shamba lake. Ekari moja yenye machipukizi ya miwa inayoweza kuvunwa misimu kadhaa ikiuzwa kumlipia kijana nauli na "ada ya wakala", familia imepoteza kipato cha kila mwaka kwa ahadi ambayo huenda ni ya kibali cha mlango wa nyuma. Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira inawataka mawakala wa ajira wasajiliwe. Kuuliza usajili huo kwenye wizara inayohusika na ajira ni hatua ndogo ikilinganishwa na ekari moja.

Miwa yenyewe ina matatizo yake, na hakuna sababu ya kuyaficha. Wakulima wa bonde hili wameshuhudia misimu ambayo miwa ilibaki shambani bila kukatwa, na malalamiko kuhusu vipimo vya kiwango cha sukari ndani ya miwa ni ya miaka mingi. Lakini mradi wa upanuzi wa Kilombero uliotangazwa mwaka 2021, wenye thamani ya Sh bilioni 571.6, ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka. Ongezeko la ukubwa huo haliwezekani bila miwa zaidi ya wakulima wadogo na mafundi zaidi wa kiwandani.

Kwa yule anayesisitiza kwenda, kipo kitu cha kukitafuta Mauritius ambacho hakimo kwenye matangazo ya majumba. Kisiwani mkulima hupata asilimia 78 ya sukari iliyotokana na miwa yake na mwenye kiwanda asilimia 22, kwa mujibu wa sheria, na upimaji wa miwa husimamiwa na mamlaka ya umma isiyo ya kiwanda wala ya mkulima. Mtanzania aliyefanya kazi miaka miwili kwenye maabara ya aina hiyo akarudi Kilosa angekuwa na la kuviambia vyama vya ushirika vya wakulima wa miwa.

Na kwa asiyekwenda, Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri mwenye mtaalamu wa kigeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania nafasi hiyo. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 imeongeza idadi ya wageni ambao mwekezaji anaweza kuingia nao mwanzoni, kutoka watano hadi 10, kwa hiyo mipango hiyo ya kurithishana imekuwa na uzito zaidi. Mhitimu wa Kidatu anayetaka kukaa katika nyumba ya mtaalamu anaweza kuanza kwa kuuliza, katika kiwanda kilicho jirani na kwao, ni nafasi zipi zinazoshikiliwa na wageni, mikataba yao inakwisha lini, na ni jina la nani lililoandikwa kuzirithi.